Kiswahili cha Tatu

Aprili 1965, jijini Dar es Salaam, kamusi ya Kiswahili ilifunguliwa ili wanaume watatu kutoka Kuba wapate majina. Walikuwa wamefika kwa siri, wakielekea vitani Kongo, kwa hivyo majina yao halisi yalipaswa kubaki nyuma. Njia ikawa rahisi: wahesabu. Víctor Dreke, mtu mweusi ambaye ndiye angeonekana kuwa kiongozi, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Yule aliyetambulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akawa Tatu. Huyo ni Che Guevara.

Nilisoma ukurasa huo ndani ya matatu nikacheka peke yangu, mpaka mama aliyekaa kando yangu akavuta mkoba wake karibu na kifua. Lakini hebu fikiria. Mtu anayetafutwa na majasusi wa nusu ya dunia anavuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa na jina la mtoto wa chekechea anayejifunza kuhesabu vidole. Msomaji wa Kihispania haoni kichekesho hapo. Kwake Tatu ni sauti tu, yenye ladha ya mbali. Sisi tunaona tarakimu.

Kitabu chenyewe nilikipata kwa inama, wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara katikati ya Nairobi, ambapo bila kuinama huchagui. Ilikuwa tafsiri ya Kiingereza, The African Dream, jalada limepauka na kurasa zinanuka unyevu. Alitaka mia mbili, nikamwachia mia na hamsini. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, ualimu, Kiswahili na Historia, karo ikiwa imenishinda, na nilikuwa nasoma kila kitu kwa hasira, kama mtu anayedai deni.

Che aliandika kitabu hicho katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam, mwisho wa 1965 kuingia 1966, baada ya kutimuliwa Kongo. Kikawekwa kabatini. Maandishi kamili yalitoka kwa Kihispania mwaka 1999, zaidi ya miaka thelathini baada ya yeye kuuawa Bolivia. Na jambo la kwanza analomwambia msomaji ni kwamba anasimulia kushindwa. Haongezi sukari. Viongozi wangapi wa vita wameandika hivyo? Kwa sababu hiyo peke yake kitabu hiki kinastahili rafu moja na vitabu vikubwa vya vita vilivyowahi kuandikwa kuhusu bara hili.

Wahakiki wengi hukisoma kama hati ya Vita Baridi, au kama ukurasa mmoja wa maisha ya mtu wa kwenye fulana. Mimi nimekisoma kama mtu wa Kiswahili, na naona kwamba sababu ya kushindwa kwake imeandikwa kwa maneno yetu, yale yaliyochapwa kwa herufi za mlazo, ambayo msomaji wa mbali huyasukuma kando ya sahani kama pilipili manga kwenye pilau.

Lakini kwanza vita vyenyewe. Kiswahili husema vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sasa niambie, Kongo ya 1964 na 1965, wenyewe walikuwa nani? Upande wa serikali kulikuwa na Rais Kasavubu, waziri mkuu Moïse Tshombe aliyeingia Julai 1964, na Mobutu akiongoza jeshi. Nyuma yao walisimama Marekani na Ubelgiji. Mbele yao walitembea mamluki wazungu, wengi kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare. Upande wa pili kulikuwa na waasi walioapa kwa jina la Lumumba, wakijiita Simba, walioteka Stanleyville, Kisangani ya leo, Agosti 1964. Silaha zao zilitoka China na Urusi, nyingine zikipitia Tanzania, na hao Wachina na Warusi wenyewe walikuwa hawasemezani. Algeria na Misri nazo zilikuwa zimetia mkono.

Halafu kuna hili, ambalo lingekuwa kwenye riwaya ungemwambia mwandishi amezidisha. Ndege za serikali ya Kongo zilirushwa na Wakuba. Si Wakuba wa Castro. Wakuba waliomkimbia Castro, wakiwa wamelipwa na CIA, na wengine wao wakashika doria ziwani kwa boti. Kwa hivyo mwaka 1965, pale magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kulikuwa na Wakuba chini na Wakuba juu, wakiwindana kwa lugha moja ya mama, juu ya vichwa vya Wabembe wa Fizi ambao hawakuwa na ugomvi wowote na kisiwa hicho. Wenyewe kwa wenyewe, ndiyo. Ila vita vya wenyewe hao vilikuwa vya Havana na Miami.

Na sisi Kenya tusijifanye tulikuwa tumelala. Mzee Kenyatta aliongoza tume ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Kongo. Tarehe 23 Novemba 1964 balozi wa Marekani, William Attwood, alikutana hapa Nairobi na Thomas Kanza wa upande wa waasi, Kenyatta akiwa mpatanishi, kuzungumzia mateka wazungu walioshikiliwa Stanleyville. Alfajiri ya kesho yake askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka kwenye ndege za Marekani. Sijui kama kuna mwenyeji aliyewahi kudharauliwa hivyo akiwa bado hajaondoa vikombe mezani. Attwood baadaye aliandika kumbukumbu zake akaziita The Reds and the Blacks, wekundu na weusi, na jina hilo tayari ni uhakiki wa kitabu. Miezi michache baadaye, Mei 1965, polisi wetu wakakamata upande wa Kisii msafara wa malori ya silaha za Kichina uliotoka Tanzania ukienda Uganda. Nilipita miaka miwili na zaidi ya shahada ya Historia bila mtu kunitajia malori hayo.

Upande wa pili wa vita una kitabu chake pia, Congo Mercenary cha Hoare mwenyewe, cha 1967. Nilikisoma ili nisionekane mpendeleo. Ni kitabu chenye mwendo wa haraka na kinachochosha kwa wakati mmoja. Kina neno letu moja, Simba, ambalo kwa Hoare halina mtu ndani yake; ni jina la kitu kinachopigwa risasi. Hoare hana shida ya lugha kwa sababu hakuja kuongea na mtu.

Che alikuja kuongea. Hapo ndipo uchungu wa kitabu chake ulipo. Alikuja kufundisha, kushawishi, kujenga jeshi la wakulima. Alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba tarehe 24 Aprili 1965 na Wakuba wa kwanza, wakafuatwa na wengine hadi wakapita mia. Alikuta nini? Viongozi walioko Dar es Salaam na Cairo, mahotelini. Laurent Kabila, ambaye miaka thelathini na miwili baadaye angeingia Kinshasa kama rais, alifika kambini Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Leonard Mitoudidi, ambaye Che alianza kumtegemea, alizama ziwani Juni. Tarehe 29 ya mwezi huo waliishambulia ngome ya Bendera, Wakuba wanne wakafa, karatasi zao zikaokotwa, na siri kwamba Kuba iko Kongo ikaishia hapo. Kurasa hizi ni kavu, na ukavu wenyewe unauma. Che hujikasirikia kabla hajamkasirikia mwingine, ingawa wengine nao hawakosi fungu lao.

Sasa nije kwenye mizigo, maana hapa ndipo nilipoanza kupigia mistari kwa penseli.

Che anasimulia kwamba wapiganaji wa Kongo walikataa kubeba vyakula na silaha kutoka ziwani kupanda mlimani. Walisema wao si motokaa. Baadaye, walipoona Wakuba wanabeba mizigo yao wenyewe, jibu likabadilika: wao si Wakuba. Che anaweka jambo hili kwenye faili la uvivu na ukosefu wa nidhamu, na kila mhakiki niliyemsoma ameliacha humo humo. Kwangu mimi ndiyo sentensi kali kuliko zote katika kitabu, na aliyeisema hana jina.

Tazama lugha yake. Ukurasani imeandikwa kwa Kiswahili cha kuvunjavunja: nafsi ya kwanza, kisha neno la kukana limebandikwa tu, kitenzi hakuna. Kiswahili hicho sisi wa Kenya tunakijua vizuri. Tunakiita Kisetla, kile cha mzungu na mpishi wake. Inawezekana mpiganaji wa Fizi, ambaye nyumbani anasema Kibembe, alikuwa na Kiswahili cha namna hiyo kweli. Lakini mimi nimekaa Mombasa miezi minne nikiuza fulana karibu na Fort Jesus, na najua kitu kingine. Mtu hubadilisha Kiswahili chake akimwona mgeni. Anakifupisha, anakipunguzia viambishi, anakifanya kiwe mkeka wa kumkanyagisha mgeni asiumie miguu. Hakuna anayemwambia mamake hakuna matata. Kwa masikio yangu, yule mpiganaji alikuwa akimpa Mkuba Kiswahili cha watalii. Na kama ni hivyo, basi Tatu alikaa Kongo miezi saba akisikia watu wakimsemesha kama mtalii, kisha akarudi Dar es Salaam kuandika kwamba watu hao walikuwa na mawazo mafupi.

Na kichekesho chao alikikosa pia. Mkuba, kwa maelezo yao, ni mtu anayevuka bahari nzima ili aje ajibebee gunia mlimani.

Kuna dawa vilevile. Leo ukiagiza dawa kwenye mkahawa wa Nairobi utaletewa maji moto yenye limau, tangawizi na asali. Kwa Simba dawa ilikuwa maji ya mitishamba ambayo mganga alimmwagia mpiganaji kabla ya vita, risasi zisimwingie. Che analieleza hili kwa makini na bila kejeli nyingi, nampa sifa yake. Anaeleza hata masharti: dawa haifanyi kazi kwa aliyechukua kisicho chake, aliyemgusa mwanamke, au aliyeogopa. Akifa mtu, basi amevunja sharti moja. Kwa Che huu ni mtego usio na mlango, imani inayojilinda yenyewe isithibitishwe kuwa uongo. Ni kweli.

Lakini soma tena hayo masharti taratibu. Usiibe. Usiguse wanawake. Usikimbie. Hizo ni kanuni za jeshi! Ndizo zilezile alizotaka kuwafundisha, na kurasa thelathini mbele bado analalamika kwamba hawana nidhamu. Walikuwa nayo, angalau kwa maneno. Imefungwa ndani ya neno ambalo yeye alilitafsiri kama uchawi akaendelea na safari. Sisemi dawa ilizuia wizi na ubakaji. Simba waliua na kubaka, na waliokufa Stanleyville, Wakongo kwa wazungu, hawafufuki kwa uhakiki wangu. Ninachosema ni kwamba palikuwa na mlango, na aliyetafuta mlango aliupita.

Chuoni, kabla sijaondoka, tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Wote tulikariri habari ya maji, kwamba yaliwaunganisha makabila na kwamba hayakuzuia risasi. Nilichokielewa baada ya Tatu ni kile kifungu kinachompa Kinjeketile homa: roho inapozungumza kupitia mdomo wake inaahidi kwamba Mjerumani ataondoka, na kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka, akiambiwa alichosema, anatetemeka. Ana haki ya kutetemeka. Amewaahidi watu wake mlinzi mpya kutoka ng'ambo. Hussein aliandika hilo miaka michache tu baada ya meli na ndege za kila upande kupita Dar es Salaam zikienda kusaidia Kongo, na sidai alikuwa akimfikiria Che. Lakini katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu madola kuchagua pande katika vita vya Waafrika, hakuna kilicholisema swali hilo kwa ufupi kama tamthilia hii ya Kiswahili, ambayo hawaitaji kamwe wanapoorodhesha vitabu vya Vita Baridi.

Sasa, haki yake Che. Karibu na mwisho wa kitabu anakaa chini na kujihesabia makosa yake, moja baada ya jingine. Moja kati ya hayo ni kwamba hakujifunza Kiswahili haraka wala vizuri. Na anatoa sababu: alijua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuongea na viongozi na kikamtenga na askari wa kawaida. Anasema hata kwamba alikosa nia ya kutosha. Nilisimama hapo. Nilirudia aya hiyo labda mara sita. Mtu aliyepanda Sierra Maestra na ugonjwa wa pumu anakiri kwamba ngeli zilimshinda nia!

Huo ndio ukweli mkubwa wa kitabu na umewekwa kama kasoro ndogo kati ya kasoro nyingine, kama mtu anayetaja kwamba pia alisahau mwavuli. Lugha ndiyo ilikuwa vita. Msitu ulikuwa na Kihispania cha Wakuba, Kifaransa cha maofisa, Kinyarwanda cha wakimbizi wa Rwanda waliopigana upande huo, Kibembe cha wenyeji, na Kiswahili kikiwa uzi pekee uliowapitia wote, tena Kiswahili cha kule, ambacho maji ni mayi na watu ni batu, si hiki cha kamusi. Kuba ilileta bunduki, madaktari, na mwanamapinduzi maarufu kuliko wote duniani. Uzi huo ikamkabidhi mtoto.

Mtoto huyo anaitwa Freddy Ilanga. Kuna filamu fupi kumhusu, Freddy Ilanga: Che's Swahili Translator, ya Katrin Hansing, ya 2009, dakika zisizofika nusu saa. Aprili 1965 Freddy ana miaka 15 na anawekwa kando ya Tatu, mwenye miaka 36, amfundishe Kiswahili na awe mdomo wake. Anakaa naye miezi saba. Vita vinapoisha Wakuba wanampeleka Kuba. Anadhani anaenda kwa muda tu. Anasoma, anakuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, anaoa, anazeeka. Karibu miaka arobaini inapita bila neno lolote kutoka kwa jamaa zake, mpaka siku moja simu inalia kutoka Bukavu.

Kama umewahi kusoma vitabu vya Vita Baridi vyenye ramani na mishale mikubwa inayotoka Washington na Moscow, nenda ukaone filamu hii baada yake. Mshale wake ni mdogo na unaenda njia ya pili, kutoka Kivu hadi Havana, na haurudi. Hansing amefanya jambo la adabu: amemweka mkalimani katikati ya picha. Nina manung'uniko moja tu, nayo ni kubwa. Filamu inampenda Freddy kwa sababu amepotea, na upotevu una machozi mazuri kwenye skrini. Mimi nilimtaka kwa sababu ya kazi yake. Nidhamu aliitafsirije? Alipoambiwa kwa Kifaransa jambo la kuwaudhi wazee waliokaa mbele yake, mtoto wa miaka 15, alilisema lilivyo au alilipaka asali? Kila mkalimani hupaka asali. Inawezekana kabisa kwamba yaliyowafikia Wakongo kutoka kwa Che Guevara yalikuwa nusu ya Che na nusu ya adabu za mtoto wa Bukavu, na nusu hiyo ya pili ndiyo mimi ningelipia tiketi kuisikia.

Kando kidogo: mmoja wa Wakuba wa Kongo, Carlos Coello, alipewa jina Tumaini. Bolivia akaenda nalo likiwa limekatwa, likabaki Tuma, na akafa nalo huko Juni 1967. Katika vitabu vya Kihispania ni Tuma mpaka leo. Kila nikiliona nasikia simu yangu ikiingiza ule ujumbe wa matapeli, tuma kwa hii namba. Nacheka, halafu sicheki.

Nimesema kwamba nilisoma kwa hasira. Ni vizuri niseme hasira ya nini. Kazi inayonilisha, uandishi ukikataa, ni kunakili sauti. Kampuni iliyo mbali, ambayo sijawahi kuona uso wa mtu wake, hunitumia rekodi za watu wa Kivu Kaskazini na Kusini, mimi naziandika na kuzitafsiri, nalipwa kwa dakika. Nilipata kazi hiyo kwa sababu niliishi Kayole nyumba moja na Wakongo, Kiswahili chao nikakizoea. Vita ni vingine siku hizi, au labda ni vilevile. Orodha ya wageni imerefuka: Rwanda, Uganda, Burundi, Umoja wa Mataifa, mamluki wazungu tena, na hata vijana wetu wa KDF walioenda Goma Novemba 2022 na kurudi Desemba 2023. M23 iliingia Goma Januari 2025.

Kila rekodi inakuja na fomu. Kwenye fomu kuna kisanduku cha upande, na orodha ya kuchagua: jeshi la serikali, jeshi la nchi fulani, kundi fulani. Rekodi moja ilikuwa ya mama mzee, sauti ya chini, kuku wanasikika nyuma. Alisema bageni walifika wakachukua mbuzi. Kisha bageni wengine. Kisha bageni. Mhojaji akamuuliza bageni gani. Akakaa kimya kidogo, akasema, bageni bote.

Nikaandika: wageni, wote. Kisanduku nikakiacha wazi. Baada ya siku mbili fomu ikarudi na rangi nyekundu, nichague upande, kazi haijakamilika na malipo yamesimamishwa. Ilikuwa tarehe 4 na kodi inalipwa tarehe 5. Nikasikiliza tena dakika zote kumi na tisa, nikitafuta kitu, aina ya bunduki, lugha waliyoongea, chochote. Hakuna. Nikachagua jina la nchi moja. Sitalitaja. Pesa zikaingia jioni ile.

Kwa hivyo ninapofika kwenye kurasa za mwisho za Tatu sisomi kama hakimu. Ni Novemba 1965. Kasavubu amekwishamfuta Tshombe kazi, viongozi wa Afrika wamekwishakutana Accra, Tanzania imewaambia Wakuba waondoke, na mamluki wa Hoare wameteka Baraka na wanazidi kusogea. Siku chache baadaye Mobutu atapindua serikali na kukaa miaka thelathini na mbili. Boti zinakuja usiku kutoka Kigoma. Nafasi haitoshi. Wakuba wanapanda, na Wakongo wachache, na waliobaki wanaomba kuchukuliwa, na Che anawakataa mmoja mmoja na anaandika kwamba alifanya hivyo na kwamba hapakuwa na fahari yoyote. Nadhani usiku ule hakuhitaji mkalimani. Baada ya miezi saba, Kiswahili cha kuomba alikuwa anakielewa.

Wiki iliyopita niliandikia ile kampuni. Nikawaeleza kwamba rekodi fulani, namba fulani, kisanduku cha upande kimejazwa vibaya na aliyekijaza ni mimi. Nikaomba wakifungue nirudishe neno la yule mama. Nilijibiwa baada ya dakika kumi, kwa heshima zote, kwamba mradi huo umefungwa na takwimu zimeshachapishwa.